Baiskeli Tatu katika Nchi Isiyoshuka

Senzia Mrutu hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na mke tangu mwaka wa maporomoko, wala hakuwa na gia katika baiskeli yake. Hakuwa na goti la kushoto la kuaminika. Hakuwa na cheti cha darasa lolote la mchana, maana kusoma alisoma jioni, kwa taa ya karabai, baada ya kutwa nzima ya kuponda kokoto za barabara, tena akiwa tayari ana ndevu. Hakuwa na subira ya kusikiliza hadithi ya mtu mwingine mpaka mwisho. Na ijapokuwa ujana wake wote aliumaliza akichonga barabara viunoni mwa milima, hakuwa na kilele hata kimoja alichopata kukikanyaga.

Alichokuwa nacho ni marafiki wawili. Wa kwanza ni Mbazi, seremala mstaafu, aliyekaa naye dawati moja katika lile darasa la jioni na kunakili majibu yake bila haya. Wa pili ni Nakijwa, mdogo wa marehemu mkewe, mkunga aliyewapokea duniani nusu ya watu wa tarafa yao. Yeye na Senzia walitaniana kama shemeji wanavyotaniana, yaani bila huruma. Kila mwezi watatu hawa walipanda baiskeli zao asubuhi na kwenda mahali ambapo hawajafika, kwa kuwa Senzia aliamini kwamba mtu asiyejifunza jambo jipya huanza kuoza akiwa amesimama.

Namna walivyofika nchi ya Kwea haina haja ya kuelezwa. Itoshe kusema kwamba asubuhi moja walikuta lango la mawe chini ya mlima mkubwa, na ndani ya lango meza, na nyuma ya meza karani mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Jina lake Ndelwa. Meza yake ilikuwa imewekwa ajabu: karani alikaa akiutazama mlima, na wageni wanaoingia iliwabidi wamzunguke ili wamwone uso.

"Karibuni Kwea, wazee wangu. Mnapanda?"

"Tunatembea tu, bwana mdogo," alisema Mbazi. "Matembezi ya wastaafu."

"Hapa hakuna matembezi, mzee wangu. Kuna kupanda. Niandike mnapanda?"

"Andika," alisema Senzia, na yeye mwenyewe akatoa daftari lake na kalamu, kwa maana aliona kwamba amefika mahali penye mambo ya kuandikwa.

Ndelwa alipomaliza kuandika alichukua spana kutoka mfukoni, akapiga goti kwa adabu, akaanza kufungua breki za baiskeli zao, moja baada ya nyingine.

"Wewe!" Nakijwa alipiga kelele. "Unafanya nini?"

"Breki ni kifaa cha mteremko, mama. Sheria ya kwanza ya Kwea inasema nchi hii haina mteremko. Kwa hiyo kifaa hiki hakina kazi halali. Mtavikuta hapa mkitoka."

"Na kutoka tutatokaje bila kushuka?"

"Mtatoka," Ndelwa alisema kwa upole wa mtu aliyejibu swali hilo mara elfu. "Ila hamtashuka. Kwea hakuna anayeshuka."

Walipanda basi. Barabara ilikuwa nzuri, na Senzia, aliyezijua barabara, alikiri kwamba ilitengenezwa na watu wenye akili. Mitaro ilikuwa mizima, kona zimepimwa. Jambo moja tu lilimshangaza: vibao vyote viliandikwa upande unaotazamwa na anayepanda. Kwa nyuma vilikuwa mbao tupu, kana kwamba hakuna aliyetarajiwa kuja kutoka huko.

Lakini watu walikuja. Kwenye kona ya tatu walimwona mwanamke anateremka kinyumenyume. Uso wake ulielekea kileleni, na visigino vyake vilipapasa njia, kimoja, kingine, kwa wepesi wa mtu anayeshona. Ndoo tupu ilikuwa kichwani, juu ya ngata. Aliwapita karibu sana, akasimama, wakawa wanatazamana vizuri.

"Mnapanda?" alisalimu.

"Tunapanda, mama. Na wewe unashuka?" aliuliza Mbazi.

Mwanamke alicheka, akaziba mdomo. "Lo, baba, una mdomo mchafu! Mimi nakwenda mtoni. Anayetazama kilele anapanda, hata miguu ikienda kwingine. Ndiyo sheria ya pili."

Aliitwa Bi Mashera. Kazi yake ilikuwa kuchota maji mtoni, chini, na kuyapeleka mjini, juu. Aliifanya kwa miaka thelathini na moja.

"Hujawahi kuanguka?" aliuliza Senzia, kalamu mkononi.

"Visigino vinaijua njia. Kitu kimoja tu najiulizaga." Akapunguza sauti. "Nyinyi mmetoka huko nyuma yangu. Bonde lina sura gani?"

Senzia akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Kwa miaka thelathini na moja mwanamke huyu alilifikia bonde kwa mgongo.

"Lina kijani," alisema, na mara hiyo akaona aibu kwamba mtu aliyesoma kama yeye ameshindwa kusema zaidi. "Mto unalikata katikati kama mshono. Kuna mashamba ya maharage, na moshi wa jikoni."

"Kumbe," alisema Bi Mashera. Akaendelea kwenda zake, visigino mbele, akiwaza.

Mambo ya mjini Senzia aliyaandika kurasa tisa. Tuyachague machache. Watu wa Kwea hulala ghorofani, na asubuhi huzitelemka ngazi kwa mgongo, hata watoto wachanga hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kula. Madirisha ya magharibi hufungwa jioni, ili jua lisionekane linafanya lifanyalo. Mwalimu hastaafu, wala diwani, wala mpiga ngoma. Katika shule waliyopita walimkuta mwalimu wa miaka tisini na mmoja ameegemezwa ubaoni na wasaidizi wawili, na msaidizi wa tatu anafundisha. Mvua iliwasumbua wakubwa wa nchi kwa muda mrefu, maana inaonekana waziwazi ikitoka juu kuja chini. Tume iliundwa, ikakaa miaka mitatu, ikatoa taarifa kwamba mvua imesimama palepale, bali ni mlima unaopanda kuilaki.

"Na wananchi wameikubali taarifa hiyo?" Senzia alimwuliza muuza chai.

"Tumeipigia makofi, mzee."

"Nauliza kama mmeikubali."

"Nimekujibu," alisema muuza chai, akamwongezea maziwa.

Saa sita walikuwa wameuacha mji nyuma na jiwe la kilele linaonekana, jeupe, limepakwa chokaa. Senzia alipima kwa jicho la mtu wa barabara: hatua mia mbili, hazizidi mia mbili na kumi. Moyo wake ulidunda kama wa bwana harusi. Alikuwa amekwisha kutunga sentensi atakayoiandika akiwa amekaa juu ya jiwe hilo. Ndipo aliposikia baiskeli inaanguka.

Mbazi alikuwa amekaa chini katikati ya barabara. Tangu saa tano alikuwa akilalamikia kichwa, na Senzia alimwambia ni uvivu. Sasa midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Alikohoa, na kilichotoka kilikuwa povu lenye uwekundu.

"Mzee, unaitwa nani?" Nakijwa alimwuliza, amepiga magoti mbele yake.

Mbazi alifikiri. "Subiri," alisema. "Ninalo hapa karibu."

Nakijwa akaweka sikio mgongoni kwake, akasikiliza, kisha akainuka na uso ambao Senzia aliujua. Ni ule uso aliotoka nao chumbani siku ya mwisho ya dada yake.

"Mapafu yanajaa maji. Ni hewa ya huku juu, shemeji, nyembamba mno kwake. Nimeona watu wa namna hii kule kwetu, katika hospitali ya wapanda milima. Akishushwa anapona. Akibaki, jua halitui naye."

Senzia alilitazama jiwe la kilele mara moja. Kisha akaigeuza baiskeli yake.

Hospitali ya Kwea ilikuwa karibu, nao wakamkokota Mbazi mpaka huko, wakitafuta msaada wa kumshusha. Ilikuwa safi. Wagonjwa walilala juu ya magodoro yaliyopangwa moja juu ya jingine, wengine matatu, wengine sita, na daktari mkuu, mtu mrefu mwenye sauti ya huruma ya kweli, aliwapita akiwa amepanda ngazi.

"Mwenye ugonjwa wa juu hupandishwa zaidi," alieleza. "Hali ikizidi, tunaongeza godoro."

"Na wanapona?" aliuliza Nakijwa.

"Wanaendelea kupanda," alisema daktari. Kupitia dirishani yalionekana makaburi, nayo yalikuwa mengi, yamepangwa juu ya kilima.

"Mshushe mmoja tu ujionee!"

Daktari hakukasirika. "Mama, mimi ni mtu wa ushahidi. Miaka sitini ya kumbukumbu ninazo kabatini. Hakuna barua hata moja, hata moja, ya mtu aliyeshuka akapona. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Ilibidi waende Barazani, kwa watawala wa nchi. Wazee kumi na wawili walikaa ukumbini, wote wamekiangalia kilele kupitia ukuta usio na matofali, na mwombaji alisema na migongo yao. Senzia, aliyejivunia maisha yake yote kwamba anajua kuzungumza mbele za wakubwa, alieleza kwa maneno machache: rafiki yake anakufa, anaomba ruhusa ya kumshusha.

Mgongo wa kwanza ulisema neno hilo halikuwahi kutamkwa ukumbini na liondolewe katika kumbukumbu. Wa pili uliuliza kama mgonjwa hawezi kwenda kinyumenyume, kama watu wenye heshima zao.

"Hawezi hata kusimama, waheshimiwa. Na kwa mwendo huo ni siku nzima mpaka langoni. Siku nzima hana."

"Abebwe basi, uso ukiwa huku."

"Nitambeba kwa baiskeli. Atakaa kwenye keria, mgongo wake kwa mgongo wangu. Atakitazama kilele mpaka lango."

Ukumbi ulinong'ona. Mgonjwa, basi, angekuwa halali kabisa. Lakini mgongo wa tano, wa mwanasheria, ukauliza: "Na dereva? Dereva atatazama wapi?"

"Njia," alisema Senzia. "Mimi nitatazama njia."

Wakabishana. Mmoja alitaka kioo kifungwe usukani ili dereva akione kilele. Mwingine alitaka tume. Nje Mbazi alikohoa, na Nakijwa, aliyekuwa amemshikilia, alipaza sauti kupitia mlango: "Shemeji! Unaomba ruhusa au unaomba posa? Anakwisha!"

Mzee wa katikati, ambaye mpaka hapo hakusema, aliinua mkono. Pumzi yake ilikuwa ya shida. Alisema maneno matatu matatu. "Baraza litatazama kilele... mpaka kelele ziishe. Kisichoonwa na Baraza... hakikutendeka."

Hiyo ndiyo ruhusa waliyoipata.

Walimfunga Mbazi kwa vipande vya mpira wa baiskeli na kwa khanga ya Nakijwa, mgongo kwa mgongo na Senzia. Baiskeli ya Mbazi waliikabidhi kwa muuza chai ailete langoni kinyumenyume. Breki hawakuwa nazo. Senzia alivaa katambuga, viatu vya tairi, na ujana wake wa barabarani ulimkumbusha kwamba tairi juu ya tairi hushika: akakanyaga gurudumu la mbele kwa soli ya mguu wa kulia, mguu ule wenye goti zima. Nakijwa alikata tawi kubwa, akalifunga nyuma ya baiskeli yake, likaburuta na kumpunguza.

Wakashuka.

Watu wa Kwea waligeukia kuta. Wanawake waliwafunika watoto macho, na watoto wakachungulia katikati ya vidole. Wenye heshima zao waliokuwa njiani kinyumenyume walisogea pembeni na kufumba macho, ila mmoja, mzee mwenye mkongojo, alipowasikia wanapita alisema haraka: "Ndugu, huo upepo wa usoni ukoje?"

"Mtamu!" Nakijwa alijibu, na alikuwa ameshapita.

Senzia hakusikia utamu wowote. Soli ilikuwa inanuka kuungua. Kila kona aliipigia hesabu kabla haijafika, na mgongoni kwake alihisi kukohoa kwa rafiki yake kama mtu anayebisha hodi. Aliongea naye njia nzima ili asilale.

"Mbazi. Saba mara nane?"

Kikohozi tu kilirudi.

"Mbazi! Saba mara nane!"

"Wewe... umeandika ngapi?"

"Hamsini na sita."

"Basi na mimi," alisema Mbazi.

Kona ya sita Senzia alidhani kimya ni kifo. Kona ya tisa kukohoa kulipungua. Chini ya msitu, penye hewa nzito yenye harufu ya majani na mbolea, sauti nyuma yake ilisema kwa kulalamika: "Nani amenifunga kama mzigo wa mkaa? Na mbona nasafirishwa kwa mgongo?"

Senzia alitaka kucheka, akaona macho yamejaa maji, akayalaumu mavumbi.

Saa tisa na nusu walifika langoni. Nakijwa alimlaza Mbazi kwenye benchi, akaweka sikio kifuani, akasikiliza kwa muda, akakaa chini kwenye udongo kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Midomo ya Mbazi ilikuwa imerudi rangi yake. Aliomba uji, tena wenye sukari.

Ndelwa karani aliwaletea uji kwanza. Kisha alileta karatasi.

"Ni tamko la kawaida," alisema, bila kuwatazama. "Kila mgeni anayefika langoni kutoka juu hulitia sahihi, kisha anapewa vyombo vyake."

Senzia alivaa miwani. Karatasi ilisema: Mimi fulani natamka kwamba sikuwahi kupanda Kwea, na kwa hiyo sikushuka.

"Wote wametia sahihi hii?"

"Wote, mzee wangu. Miaka sitini. Wapo waliobebwa, wakapona hapa hapa kwenye benchi hilo. Wakatia sahihi wakaenda zao."

Ndipo Senzia alipoelewa kabati la daktari. Si kwamba barua zilipotea. Hazikuandikwa.

"Na nisipotia?"

"Baiskeli zinabaki. Jina lako linabandikwa hapo ukutani, mchoro wa uso chini yake, na neno Mshukaji. Kila anayepita atakusoma." Ndelwa akanyoosha karatasi mezani. "Sijawahi kubandika hata moja."

Senzia aliutazama ukuta. Alikuwa mtu aliyependa jina lake. Aliliandika kwa herufi za kuunganisha hata kwenye mipini ya majembe. Aliitazama na baiskeli yake, miaka ishirini na mbili waliyokuwa pamoja.

"Shemeji?" alisema.

"Usiniulize mimi. Yangu wachukue, na pampu nawaongezea," alisema Nakijwa. "Miguu ninayo."

"Na yangu wala haijafika," alisema Mbazi kutoka benchini.

Senzia aligeuza tamko, upande wake mweupe ukawa juu, akaandika polepole, kwa mwandiko wa mtu anayejua kwamba anasahihishwa:

"Kwa Daktari Mkuu, Hospitali ya Kwea. Leo saa saba mchana Mbazi, seremala, umri miaka sitini na tisa, alikuwa anatema povu na hakulijua jina lake. Saa tisa na nusu analijua, na amekunywa uji bakuli moja na nusu. Kati ya saa hizo hakupewa dawa yoyote. Alishushwa. Niliyemshusha ni mimi, nikiangalia bonde. Mbazi mwenyewe ataandika jina lake hapa chini. Senzia Mrutu."

Mbazi aliandika jina lake chini, na safari hii hakunakili kwa mtu.

Ndelwa aliisoma barua amesimama. Akaisoma mara ya pili. Barua bila muhuri wa lango haipokewi mjini, na muhuri ulikuwa mkononi mwake. Wala hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba karani atakayeutia hatakuwa karani kesho.

"Huko hospitali," alisema, "hamkumwona bibi mmoja, karibu na dirisha? Magodoro saba." Sauti yake ilikuwa ya kikazi bado. "Mama yangu. Juzi wameniletea habari wanatafuta la nane."

Bi Mashera alikuwa ametoka mtoni na ndoo iliyojaa, amesimama pembeni ya lango, anasubiri kuambiwa kama kuna cha kupeleka juu.

Ndelwa alikunja barua mara tatu. Aliwasha kibiriti, cha kwanza kikazimika, cha pili kikashika, akaishika nta ya lakiri juu ya moto mpaka tone jekundu likaanguka kutoka juu kuja chini, mbele ya macho ya watu wote. Akagandamiza muhuri kwa ngumi zote mbili. Akampa Bi Mashera, naye akaisukuma chini ya ngata na kujitwika ndoo juu yake.

"Mkononi kwa daktari," karani alisema. "Pita njia ya mkato, mama. Na maji yakikuzidi uzito, yamwage."